Sifuri Mbele ya Umati

Zengo Mayala,
Kiongozi wa Kikundi cha Ngoma,
Mwandoya, Wilaya ya Meatu.

Mkuu wa Chuo,
Bariadi.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUPINGA SIFURI ALIYOPEWA BINTI YANGU NYAMIZI KATIKA SOMO LA STADI ZA MAWASILIANO, ILHALI WATU WOTE WALIKUWA UPANDE WAKE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Na usipohusika wewe sijui atahusika nani, maana chuo ni chako na sifuri imetoka humo.

Mwangaluka. Sisi hapa Mwandoya ni mhola duhu, amani tupu, ukiacha hasira yangu, ambayo ilinianza jana Alhamisi mchana na mpaka asubuhi hii haijapoa. Mke wangu Monika alinishauri nisubiri siku mbili tatu ndipo niandike. Nimemjibu kwamba barua ya malalamiko ni kama ugali, huliwa ungali wa moto. Amenuna, lakini kalamu ameniletea.

Kwanza nijitambulishe. Ukipita Mwandoya wakati pamba imeshavunwa ukasikia ngoma zinazokufanya usimamishe pikipiki, ni sisi. Kisukuma mtu kama mimi anaitwa ningi. Ndiye anayetunga nyimbo, ndiye anayeimba mbele, na ndiye anayebeba aibu watu wasipotokea. Kwa hiyo ninapozungumzia mawasiliano, ndugu yangu, sibahatishi.

Nyamizi ni mtoto wangu wa tatu, na yuko mwaka wa pili hapo chuoni kwako. Katika watoto wangu wote, yeye peke yake ndiye aliyezaliwa na haya. Akiwa na mbuzi anaongea, akiwa jikoni na mama yake anaongea mpaka chakula kinaungua. Ila mlete mtu mmoja wa ziada, basi, kwisha habari. Wageni alikuwa anawaamkia akiwa nyuma ya mlango. Shule ya msingi alipangiwa kukariri shairi siku ya kufunga shule, wazazi wote tumekaa kwenye madawati; akasimama, akanitazama mimi, akapita dirishani. Dirishani! Mtoto wa mtu anayeimba mbele ya wilaya nzima bila spika! Watu walinitania mpaka mvua zikaanza. Mimi sikucheka hata siku moja. Iliniuma, kwa sababu nilijua yule mtoto ana maneno mengi, ila hajui ayatolee wapi.

Sasa ndugu Mkuu, fikiria nilivyojisikia aliponipigia simu kuniambia kwamba muhula huu kuna somo linaitwa Stadi za Mawasiliano, kwamba mtihani wake ni wa kuongea mbele ya watu, tena kwa mtandao, na kwamba akianguka anarudia mwaka mzima. Sauti yake ilikuwa inatetemeka mpaka salio likaisha. Nililala macho wazi. Kukicha akanitumia ujumbe wenye linki. Alisema Alhamisi saa nne asubuhi wanawasilisha. Siku hiyo kuna makundi mawili, lao na la kijana mmoja anaitwa Gilbert. Yote mawili yanaongea saa ileile, kila moja kwenye chumba chake cha mtandaoni. Na wazazi tunakaribishwa kuingia kusikiliza.

Niliposoma hayo niliruka juu. Makundi mawili, saa ileile, kila moja upande wake, na watu wanakaribishwa! Monika, nikamwambia, hii si mitihani, hii ni mbina!

Kwa kuwa sijui kama wewe ni mtu wa huku, nikueleze. Mashindano yetu ya mbina hayana karatasi ya alama. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vinaanza kupiga kwa pamoja. Watu wanasimama katikati, halafu wanaanza kukimbilia kule kunakowavutia. Ukiona watu wako wanahama, unaongeza manjonjo: unatoa chatu, unatoa fisi, unacheza juu ya miguu mirefu ya miti, unafanya lolote. Mwisho wa yote mwenye umati ndiye mshindi. Hakuna rufaa, maana hata aliyeshindwa anajionea mwenyewe kwamba amebaki na mke wake na mbwa.

Basi nikaona mwanangu hawezi kuachwa peke yake uwanjani. Nikatangaza sokoni. Nikatangaza kanisani, baada ya baraka. Debora, katibu wa kikundi chetu, akakaa chini ya paa la mashine ya kusaga anawafundisha watu kubonyeza linki, wenye simu janja mstari huu, wenye vitochi waende wakaazime. Mhoja, yule mwenye banda umiza ambamo vijana wanaangalia mpira, akaahirisha filamu ya makarate na kutupa banda lake, kompyuta yake na runinga yake kubwa. Shemeji zangu wa Mkula kule Busega wakaahidi kuingia na ukoo mzima. Shemeji Kashindye akasema siku hiyo atakuwa mnadani na madume yake ya ng'ombe, lakini ataingia hukohuko. Je, ndugu Mkuu, kuna mzazi mwingine amewahi kuliunga mkono somo lenu namna hii? Nangoja unitajie.

Saa nne ikafika. Banda limejaa, nje wamejaa, wengine wanachungulia kwenye matundu ya bati. Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Nitayataja kwa namba ili usiseme hukuyaona.

1. KUFUNGWA MIDOMO. Tulipoingia tulikuta miraba myeusi imeandikwa namba za usajili. Wanafunzi walikuwa wamefunga kamera kubana bando, kwa hiyo sikumwona Nyamizi usoni, lakini baba humjua mwanawe hata akiwa namba. Alianza kijana mmoja mwenye sauti nzito, ana adabu, akawa anaelezaeleza mambo ya utangulizi. Nikajua anamwandalia njia Nyamizi. Kwetu mwimbaji mkuu haanzi yeye. Nasi tukaanza kupasha ngoma moto taratibu, ngoma tatu tu na filimbi, ili akiingia akute uwanja umechemka. Mara ikatokea sauti ya mwalimu, Madam Felisita, anaomba washiriki wote wazime sauti. Tukadhani anawaambia wale wa kundi la Gilbert. Tukaongeza. Basi akatuzima yeye mwenyewe, kwa kidole! Banda zima tunapiga, kule hatusikiki! Ndugu yangu, mimi nimezika watu, nimeozesha watu, nimepatanisha watu waliotoleana mapanga. Hata mlevi anayeimba msibani kwetu hazibwi mdomo. Anashikwa mkono taratibu anapelekwa kwenye uji. Huyu Madam hatujui, hajatuamkia, anatuzima kama koroboi. Na hili ni somo la MAWASILIANO.

Kwa bahati nzuri wale wa Mkula walikuwa na simu nyingi kuliko vidole vyake. Akizima huku, kule wanawaka.

2. MZEE SALU. Mzee Salu ndiye mkubwa wetu. Kikundi chetu kikienda mashindanoni yeye ndiye anayetengeneza dawa ya mvuto ili watu wasituhame. Wako wasioiamini siku hizi, nami sikulazimishi. Asubuhi ile aliinyunyiza kwenye kompyuta ya Mhoja, na ni kweli herufi kadhaa hazijibu tena, lakini watu walikuja, kwa hiyo jihukumie mwenyewe. Baada ya hapo alirudi nyumbani kwake, akaoga, akavaa koti lake la harusi za watoto, akabonyeza linki kwa simu ya mjukuu. Akaandikiwa kwamba yuko kwenye chumba cha kusubiri na mwenyeji atamkaribisha. Mzee Salu ni mtu wa adabu za zamani. Mgeni haondoki kabla hajakaribishwa. Akakaa. Mchana ukapita, jua likazama, amekaa na koti. Tulipompelekea chakula akakataa, akasema hawezi kula kabla ya mwenye nyumba kutokea. Simu ilizima chaji, akaiweka mezani akaendelea kuitazama. Mpaka ninavyoandika barua hii bado anakusubiri wewe. Chumba cha kusubiri gani hicho, hakina kigoda, hakina maji ya kunywa, hakuna hata mtoto wa kumwambia mzee mwenyeji ametoka?

3. UDOGO WA CHUMBA. Chuo cha elimu ya juu, kompyuta zimejaa, antena juu ya paa, halafu chumba chenu cha mtandaoni kinaingiza watu mia moja tu! Wa mia na moja anaambiwa pamejaa. Nilipouliza, Debora akaniambia ukubwa wa chumba unategemea mlichonunua. Jamani! Uwanja wetu wa ngoma haujanunuliwa na mtu, na unaingia tarafa nzima pamoja na mbuzi. Na matokeo ya ubahili huo mliyaona wenyewe. Mtandao ukamdondosha Madam Felisita nje ya mtihani wake mwenyewe. Alipotaka kurudi, pamejaa. Nafasi yake imeshachukuliwa na shemeji yangu mmoja wa Mkula pamoja na kuku wake. Sifurahii yaliyompata, lakini mjenzi akijenga mlango mwembamba asishangae tumbo lake likikwama.

4. KUDHALILISHWA KWA SHEMEJI YANGU. Madam alipodondoka, mtambo wenu, kwa akili zake na bila kushawishiwa na mtu, ukatafuta mkubwa mpya wa kikao. Katika watu wote mia ukamteua shemeji Kashindye, aliyekuwa mnadani. Sisi tulishangilia, maana ukoo wetu haukuwahi kuwa na mkuu wa kikao cha chuo. Kashindye hakuomba cheo. Alikuwa mkono mmoja ameshika kamba ya dume, mkono wa pili ameshika simu, na madalali wanamzunguka. Kila alipotaka kupandisha bei kidole kilikuwa kinagusa kitu. Ndivyo yule kijana mwenye sauti nzito alivyotolewa katikati ya sentensi. Ndivyo pia picha ya lile dume, ubavu mzima, ilivyotanda kwenye runinga zote. Nakiri lilikuwa dume zuri, na watu wawili kwenye kikao waliulizia. Kashindye aliongoza mpaka chaji ilipokata, na hakuna aliyegombana. Lakini Madam aliporejea akamwita mvamizi! Mtu aliyeteuliwa na mtambo wenu wenyewe! Kashindye ni balozi wa nyumba kumi kule kwao, neno hilo limemnyima hamu ya kula.

5. Namba tano nimeifuta. Monika amesoma akasema ni matusi.

6. SIFURI YENYEWE. Hapa ndipo pananiuma, naomba usome taratibu. Madam Felisita aliporudi, akaangalia ile miraba mia, akavuta pumzi mpaka tukamsikia, akatangaza kwamba hawezi kutoa alama kwa vurugu na kundi hili linapata sifuri. Kisha kikao kikakatika. Runinga imebaki na picha yetu wenyewe tunajitazama.

Sifuri! Nyamizi hata mdomo hajafungua! Hata zamu yake haijafika! Nimempigia simu tangu jana, haipatikani. Najua yuko mahali amejikunyata analia, anahesabu mwaka mzima wa kurudia, na amerudi kuwa yule mtoto wa dirishani. Kazi ya miaka yote hii imebomolewa kwa neno moja la mwalimu.

Na sasa nikuulize kwa lugha ya taratibu kabisa. Wapi palikuwa na watu? Upande wetu palijaa mpaka mwalimu akakosa nafasi. Upande wa pili nasikia walikuwa watu wa kuhesabika, labda wanne, labda watano. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Katika mbina yoyote, kuanzia Mwandoya mpaka Lamadi ziwani, hilo kundi lenye watu watano lingeshapanda gari kurudi kwao, tena limekaa siti za nyuma. Umati ndio hakimu, ndugu Mkuu. Anayesikilizwa na watu watano hajawasiliana, amenong'ona. Mtu wa namna hiyo mnampa alama ya nini?

7. MNACHOWAFUNDISHA. Likizo iliyopita Nyamizi alikuja amefundishwa kwamba unapoongea na mtu lazima umtazame machoni. Akampigia bibi yake magoti vizuri, akamwamkia vizuri, halafu akamkazia macho. Bibi akaomba kioo akidhani ana kitu usoni. Siku ya pili yake akamwomba mama yake mrejesho kuhusu mlenda. Monika alikuwa hajawahi kuombwa mrejesho. Alidhani anataka kurudisha chakula, akaingia ndani akalia. Tena eti mnafundisha kwamba ukifurahishwa na msemaji unabonyeza picha ya kiganja cha njano. Kiganja cha njano! Mkono anao mtu, anauacha umelala mapajani, anatuma wa katuni! Sisi tulishangilia kwa mikono yetu ya kuzaliwa nayo, ndipo tukazimwa.

Kwa maelezo hayo, nadai yafuatayo, na nadai kwa heshima.

Kwanza kabisa sifuri ya Nyamizi ifutwe leo hii na alama zihesabiwe upya kwa kuangalia umati. Watu mia, alama mia. Waliobaki nje kwa sababu ya chumba chenu chembamba nao wahesabiwe, alama zinazozidi awekewe akiba ya mwaka wa tatu.

Pili, Madam Felisita aletwe Mwandoya msimu mmoja ajifunze mawasiliano. Hatutamtesa. Ataanza kwa kubeba ngoma kubwa, akizoea tutampa filimbi, na akikaza sana anaweza kucheza na fisi, ambaye ni mtu aliyevaa ngozi, asiogope. Kulala atalala kwangu. Monika ameshatandika.

Tatu, somo hili tangu sasa lifundishwe na maningi. Tuko wengi, wengine hatuna kazi kiangazi. Vipindi viwe uwanjani, viwili kwa wakati mmoja, na mhadhiri ambaye wanafunzi wake wamemkimbia aende kulima pamba bila kinyongo. Nafikiri hata hesabu na sheria zingefundishika hivyo. Na nikiendelea kufikiri, ndugu Mkuu, sioni kwa nini cheo chako kisipimwe namna hiyohiyo. Wewe usimame upande mmoja wa uwanja na mafaili yako, mimi nisimame upande wa pili na ngoma zangu, tuanze kwa pamoja, tuone wanafunzi watakimbilia wapi. Nikishinda sitakufukuza, utabaki kuwa katibu.

Na nne, mtu aje amwambie Mzee Salu aingie ndani au aende nyumbani. Hili ni la haraka kuliko yote.

Nisipojibiwa mpaka wiki ijayo tutakuja Bariadi wenyewe, kikundi kizima, kwa lori la pamba. Hatuji kwa ugomvi. Tutapiga nje ya lango lenu tu, kuanzia asubuhi, na utaona mwenyewe wahadhiri wako wanavyotoka mmoja mmoja.

Nisalimie wahadhiri wote, walinzi wa getini, mama wa kantini, na wanafunzi walioko mbali na kwao. Msalimie pia Madam Felisita, mwambie nina hasira naye lakini sina chuki. Yule kijana mwenye sauti nzito naye msalimie kipekee, alijitahidi kumwandalia mwenzake mazingira. Huku nyumbani wote wanakusalimu, Monika, Debora, Mhoja na kompyuta yake isiyo na herufi zote. Kashindye anakusalimu kama mkuu mwenzako.

Ni mimi baba mwenye uchungu na mtoto wake, na mwenye watu,

Zengo Mayala
Ningi wa Mwandoya

Nakala: Ubao wa matangazo wa sokoni.

NYONGEZA, ambayo naiandika baada ya bahasha kufungwa na kufunguliwa tena:

Ndugu Mkuu wa Chuo, usiifanyie kazi barua hii. Kama umeshaanza, acha hapo ulipofika.

Nyamizi amepiga simu sasa hivi. Simu yake ilikuwa imezima tangu jana, hosteli hawakuwa na umeme, na kuwasilisha aliwasilisha kwa kompyuta ya chuo. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, mama yake ndiye akawa analia. Kundi lake limepata alama za juu kuliko makundi yote ya mwaka huu. Mwalimu wao alikuwa Marcelo, na hao watu wanne watano waliokuwa kwenye chumba kitulivu walikuwa wakimsikiliza yeye. Halafu akanisimulia, kwa masikitiko, kwamba wenzao wa kundi la Gilbert walipata mkosi, walivamiwa na ngoma zisizojulikana zilikotoka, kuku, na ng'ombe dume. Akaniuliza kama nimesikia lolote.

Ujumbe wake ule ulikuwa na linki mbili, ya Kundi la Kwanza na ya Kundi la Pili, na chini kabisa alikuwa ameandika kwamba lao ni la pili. Mimi sikushuka mpaka chini. Niliona neno "Kwanza" nikabonyeza, maana sikufikiria kama mtoto wangu anaweza kuwa wa pili. Hiyo ndiyo linki Debora aliyowagawia watu wote.

Basi hoja yangu namba sita naiondoa yote. Hasira hasara. Ukiifuata, Gilbert ndiye mshindi kwa alama mia, na mwanangu ndiye aliyenong'ona. Watu watano wanatosha, ndugu Mkuu. Hata mmoja anatosha akiwa anasikiliza. Umati si hoja, umati unaweza kuwa umepotea njia ukiwa na ningi wake mbele. Madai yote nayo nayaondoa, isipokuwa la Mzee Salu. Nimeshakwenda kumwambia mwenyeji ametoka, anasema anataka kusikia kutoka kwa mwenyeji. Nitakutumia namba yake.

Yule kijana mwenye sauti nzito kumbe ndiye Gilbert. Hana kosa lolote, mrudishieni mtihani wake, mtoto wa watu asije akarudia mwaka kwa sababu yangu. Jumatatu nakuja kumwomba radhi, yeye na Madam Felisita. Nakuja peke yangu. Kashindye ametaka kuja, nimemkatalia.

Sasa nina ombi moja, na hili naliomba bila kelele. Nyamizi anasema mada yao ilikuwa namna ya kumfanya mtu akusikilize, na kwamba yeye aliongea kuhusu mimi. Alieleza ninavyosimama, ninavyongoja watu watulie ndipo niimbe. Aliongea mpaka mwisho na sauti haikutetemeka. Kabla hajaanza alitafuta jina langu kwenye orodha ya walioingia, akalikosa, akasema pengine baba ana kazi, akaanza hivyohivyo.

Nimeambiwa chuo kinarekodi vipindi hivyo. Kama chake kipo, naomba nitumiwe. Sitaita mtu yeyote. Nataka tu kumsikia mwanangu anaongea.